Lasanya ya Sufuria: Mdada wa Mpanda Kachekwa Bure, Wa Kuchekwa Wapo Mjini

Kuna klipu imezunguka sana kwenye simu za watu. Mdada mmoja wa Mpanda, kanga kiunoni, amekaa kwenye kigoda uani, mbele ya jiko la mkaa. Jikoni kuna sufuria, na juu ya mfuniko wa sufuria kuna makaa yanawaka. Anaondoa makaa, anafunua, mvuke unatoka. Anakata kipande kwa kisu, anakiinua mbele ya kamera. Tabaka zinaonekana kabisa: nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe. Anacheka kwa furaha, anasema, "Jamani, lasagina yangu hiyo imeiva!"

Basi. Hiyo "lasagina" ndiyo iliyomponza.

Staa mmoja wa filamu mwenye wafuasi kibao akaitupia kwenye ukurasa wake na vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Kurasa za umbea zikadaka. Kufika jioni kila mtu alikuwa mpishi wa Kiitaliano. Watu ambao hata yai la kukaanga huwashinda wakawa wanatoa somo la jibini.

Ukisoma zile komenti utagundua wachekaji walikuwa wa aina tatu. Wa kwanza ni watoto wa kishua: "Hiyo siyo lasagna, hiyo ni chapati imezama kwenye mchuzi." Wa pili ni wale wanaume ambao mwanamke akipika chochote nje ya ugali wanaona ndoa inavunjika: "Mkoa una mchele, una migebuka, nani kakutuma kupika vya wazungu?" Wa tatu ndio waliouma zaidi, kwa sababu ni watu wa Katavi wenyewe: "Dada unatuaibisha mkoa."

Unatuaibisha mkoa! Kwa kosa gani? Kupika.

HAIKUISHIA KWENYE KUCHEKA

Watu wengi wanadhani mambo ya mitandaoni yanaishia mitandaoni. Ukizima simu, yameisha. Kwa huyu mdada haikuwa hivyo.

Watu wake wa karibu wanasema asubuhi anauza chapati na maandazi, na jioni anapokea oda za keki za kuokea kwenye sufuria, za besdei na za kipaimara. Ile klipu hakuirusha kutafuta kiki. Alikuwa na oda ya kicheni pati, sinia mbili za lasanya, akawa anawaonyesha wateja kwamba kazi anaiweza. Kishika uchumba cha oda kilishalipwa, nyama ilishanunuliwa na kusagwa.

Siku mbili baada ya klipu kusambaa, simu ikaita.

"Dada samahani, usichukulie vibaya. Wageni wengine wanatoka Dar, na ile video wameiona. Tumeamua tuweke tu pilau."

"Haya dada, haina shida," akajibu, na hela yao akawarudishia yote.

Kesho yake asubuhi klipu haikuwepo tena kwenye ukurasa wake.

Sasa hapo kuna vitu viwili vimepotea. Cha kwanza ni hela ya mtu anayejitafutia. Cha pili watu wengi hawajakiona, nacho ni kwamba kati ya video zote za "lasanya rahisi" zilizojaa mitandaoni kwa Kiswahili, ile ilikuwa moja ya chache ambazo neno "rahisi" lilikuwa kweli.

RAHISI KWA NANI?

Kuna mpishi mmoja maarufu wa mitandaoni, yule mwenye jiko jeupe linalong'aa kama hospitali. Naye ana video ya lasanya, na ameiita "lasanya rahisi ya nyama, dakika 45 tu". Ukiiangalia, mpishi anafungua pakiti ya pasta zilizokwisha kukatwa. Anafungua pakiti ya mozzarella. Anafungua pakiti nyingine ya parmesan. Anafungua chupa ya sosi. Halafu anafungua mlango wa oveni.

Jamani, huyo hajapika. Huyo amefungua.

Chukua orodha yake uende nayo Soko la Buzogwe pale Mpanda. Nyanya utapata. Vitunguu utapata. Nyama ndiyo usiseme, kwani wafugaji wamejaa mkoa mzima na ng'ombe si mnyama wa kutafutwa kwa tochi. Maziwa yapo, mayai yapo, unga wa ngano upo kila duka. Lakini mozzarella? Muuzaji atakuuliza hiyo ni dawa ya nini.

Wala hilo si ushamba, ni jiografia. Mpanda iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar kwa njia ya reli. Treni inapita Tabora, inafika Kaliua, halafu inachepuka kushika tawi la Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210 hivi, reli ambayo ilijengwa zama za mkoloni kwa ajili ya madini ya risasi. Jibini la pakiti linataka ubaridi muda wote. Hebu lipandishe safari hiyo uone litafika likiwa nani.

Halafu kuna oveni yenyewe. Oveni ya umeme ya kawaida inakula kama wati 2,000. Ukiiwasha saa nzima, yuniti mbili hizo zimekwenda kwa chakula kimoja. Na Mpanda ni mji ulioishi miaka mingi kwa umeme wa majenereta ya dizeli, watu wamezoea kupanga maisha yao bila kuutegemea. Kumwambia mtu wa hivyo kwamba lasanya bila oveni si lasanya ni sawa na kumwambia asiye na gari kwamba kutembea si kusafiri.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mpishi wa jiko jeupe ni moja tu: rahisi kwa nani? Kitu rahisi ni kile ambacho mtu anaweza kukipika leo, kwa alivyonavyo nyumbani na kwenye soko la mtaani kwake. Kwa kipimo hicho, mdada wa Mpanda ndiye aliyepika lasanya rahisi. Yule mwingine amepika lasanya ya gharama nafuu kwa matajiri.

HIYO LASANYA YENYEWE NI YA NANI?

Wacha sasa twende na wale wa "hiyo siyo lasanya halisi". Neno "halisi" hilo lina shida kubwa kwenye chakula.

Lasanya ni ya Italia, hakuna ubishi. Ila ni ya zamani mno. Kuna kitabu cha mapishi kilichoandikwa kwa Kilatini huko Naples mwanzoni mwa miaka ya 1300, kinaitwa Liber de Coquina, na ndani yake lasanya ipo. Ni unga unaosukumwa, unachemshwa, unapangwa kwa tabaka na jibini na viungo. Nyanya hakuna hata moja! Nyanya asili yake ni Marekani ya Kusini, na Ulaya zilifika miaka ya 1500, baada ya Wahispania kuvuka bahari. Maana yake lasanya ilikaa zaidi ya miaka 200 bila kujua nyanya ni kitu gani. Sasa hiyo ya nyanya unayoiita halisi, siku ya kwanza ilipopikwa nayo si ilikuwa uzushi?

Hata leo huko huko Italia hawajakubaliana. Bologna wanaweka nyama na sosi nyeupe ya maziwa, na unga wenyewe mara nyingi wanauchanganya na mboga ya majani mpaka unakuwa wa kijani. Naples wakati wa sherehe za kabla ya Kwaresima wanaweka ricotta, ambalo ni jibini laini jeupe, na vidonge vidogo vya nyama na mayai ya kuchemsha. Hao ni Waitaliano, na kila mji una yake. Mpanda ikiwa na yake, nani kafa?

Na hao waliobadilisha oda wakaweka pilau "kwa usalama", wanajua pilau imetoka wapi? Neno lenyewe limetoka Uajemi, likapita India na Uarabuni, likatua pwani, leo sherehe ya Kitanzania bila pilau watu wananuna. Chapati ni ya India. Sambusa imevuka bahari. Hata mahindi ya ugali, huo ugali wa "kwetu" unaotumika kuwafokea wanawake, yametoka Amerika. Pwani watu wamekula tambi za nazi na sukari tangu zama za mabibi, na Wasomali pasta wanaiita baasto na wanaila na ndizi mbivu pembeni, chakula walichokirithi enzi za ukoloni wa Italia na sasa ni chao kabisa. Hakuna anayewaambia wanajifanya wazungu.

Na kuhusu "lasagina": shati, soksi, basi, baiskeli, yote yalikuwa maneno ya watu, Waswahili wakayatamka walivyoweza, leo yamo kwenye kamusi. Mdada alisoma neno lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, kama Kiswahili kinavyomfundisha. Kosa la Kiitaliano kuandika "gn" halafu kusoma "ny" lisiwe kesi yake.

MOTO JUU, MOTO CHINI

Kilichochekwa kuliko vyote ni yale makaa juu ya mfuniko. "Anapika au anafua vyuma?" jamaa mmoja akaandika, akapata mioyo kibao.

Huyo jamaa hajawahi kukaa na bibi jikoni. Moto juu na moto chini ndiyo oveni ya Mswahili. Wali unapaliwa hivyo. Mkate wa kumimina na mkate wa sinia wa Zanzibar, ule unaogombaniwa mwezi wa Ramadhani, umeokwa kwa makaa juu ya mfuniko tangu enzi hizo, kabla oveni za umeme hazijaingia majumbani. Keki nyingi za besdei mikoani zinaokwa hivyo hivyo, na anayekula hajui kama imetoka kwenye oveni au kwenye sufuria.

Sasa sikiliza hii. Huko huko Italia, mkoa unaoitwa Abruzzo, kuna upishi wa kale wanauita sotto il coppo. Wanaweka chakula motoni, wanakifunika kwa mfuniko wa chuma, halafu wanapalia makaa juu ya mfuniko. Ndiyo, makaa juu ya mfuniko. Watalii wanalipa hela kwenda kula hicho. Kikipikwa Abruzzo kinaitwa urithi, kikipikwa Mpanda kinaitwa kichekesho. Tofauti ni nini, kama si dharau?

HAYA, INAPIKWAJE?

Kwa kuwa klipu imefutwa, na kwa kuwa kuna watu waliotaka kujaribu wakaogopa kuchekwa, mapishi yenyewe ni haya. Yanatosha watu sita wenye njaa.

Anza na jibini, kwa sababu linataka muda. Chemsha lita moja ya maziwa mpaka yatokote. Epua, mimina vijiko vitatu vya juisi ya limau, koroga kidogo, acha dakika 10. Maziwa yatakatika, mabonge meupe yatajitenga na maji. Chuja kwa kitambaa safi, kamua, tia chumvi. Hilo ni jibini laini. Halitavutika kama lile la kwenye picha za piza, ukweli usemwe. Lakini kwa utamu linakaa familia moja na lile la lasanya ya Naples.

Kisha unga. Vikombe viwili vya unga wa ngano, mayai matatu, chumvi kidogo. Usitie mafuta. Kanda dakika 10 mpaka ulainike, na ukiwa mkavu ongeza maji kijiko kimoja tu. Funika, upumzike nusu saa. Gawa matonge matano au sita, sukuma kama chapati ila nyembamba zaidi, mpaka ukiinua unaona kivuli cha mkono wako upande wa pili. Kata kwa umbo la sufuria yako. Chemsha kimoja kimoja kwenye maji ya chumvi dakika mbili, toa, tumbukiza kwenye maji ya baridi, tandaza juu ya kitambaa. Anayejua kusukuma chapati hapo kamaliza kazi ngumu yote.

Nyama, nusu kilo. Kama bucha halina mashine ya kusaga, katakata kwa kisu kikali, vipande vidogo vidogo. Kaanga vitunguu maji viwili mpaka viwe rangi ya dhahabu, tia kitunguu saumu punje nne, karoti moja iliyokunwa, na hoho ukipenda. Tia nyama, ikauke maji yake na ianze kukaangika. Ndipo uweke nyanya sita zilizoiva sana, zilizomenywa na kusagwa, na vijiko viwili vya nyanya ya kopo. Chumvi, pilipili manga. Punguza moto, iive taratibu dakika 40. Usiwe na haraka hapa. Rojo likibaki na maji, lasanya yote itakuwa supu.

Sosi nyeupe ndiyo inayowatisha watu, na ndiyo nyepesi kuliko zote. Ni uji tu. Yeyusha siagi vijiko vitatu, tia unga wa ngano vijiko vitatu, koroga dakika moja mbili kwa moto mdogo. Mimina nusu lita ya maziwa ya vuguvugu kidogo kidogo huku unakoroga bila kupumzika, mpaka iwe nzito kama uji wa mgonjwa. Chumvi, na kungumanga kidogo ya kukwaruza kama ipo. Hao Waitaliano kungumanga ndiyo siri yao, na Zanzibar inalimwa.

Sasa kupanga. Paka siagi sufuria nzito yenye mfuniko bapa. Chini kabisa weka rojo kidogo ili isishike. Juu yake unga, juu yake nyama, juu yake sosi nyeupe, juu yake nyunyiza jibini. Rudia mpaka viishe. Tabaka la mwisho liwe unga, sosi nyeupe, na jibini lote lililobaki.

Kwenye moto ndiyo watu wengi wanaharibu. Kila kitu ndani ya sufuria kilishaiva, kwa hiyo kazi ya moto ni kuviunganisha na kupaka rangi juu. Makaa ya chini yawe machache sana, yaliyofunikwa na majivu. Makaa ya juu ya mfuniko yawe mengi. Ukigeuza hesabu hiyo, chini utakula mkaa wenyewe. Baada ya dakika 30 chungulia, na ukiona juu pamebadilika rangi, epua.

Halafu subiri. Dakika 15 au 20, usiiguse. Ikipoa kidogo inajishika, na ukikata kipande kinasimama chenyewe.

Anayetaka ya kijani aponde mchicha uliochemshwa na kukamuliwa maji vizuri, auchanganye kwenye unga. Hiyo ndiyo staili ya Bologna, na mchicha wa fungu moja sokoni unatosha.

KUKOSOA RUKSA, ILA KUKOSOA KUNA NAMNA

Hakuna anayesema mdada hakosolewi. Kwenye ile klipu alikata mapema mno, lasanya ikiwa bado inachemka, ndiyo maana kipande kilianza kuteremka kabla hajamaliza sentensi. Mwanga wa video ulikuwa hafifu. Na kwa mtu anayeuza chakula, ingependeza kumuona ananawa mikono kabla ya kushika kisu. Hayo ni ya kweli, na mtu akimwambia, kesho anauza zaidi.

Lakini pitia zile komenti uone kama kuna aliyemwambia hivyo. Hakuna aliyeandika "dada, iache ipoe kwanza". Waliandika kuhusu kanga yake. Waliandika kuhusu ukuta wa nyumba yao usiopigwa lipu. Waliandika kuhusu Mpanda kama vile ni mahali ambapo watu hawajui kijiko. Huko si kukosoa lasanya. Ni kumwambia mtu kwamba vitu vizuri vina watu wake, na yeye si mmoja wao.

Na yule staa aliyeanzisha vikatuni vya kucheka, wanaomfuatilia tangu zamani wanakumbuka alivyokuwa akisimulia kwenye mahojiano kwamba kakulia uswahilini, kalala njaa, kauza karanga. Hadithi hiyo ndiyo iliyompa mashabiki. Leo akimuona mtoto wa kwao anahangaika na sufuria na makaa, anamgeuza kichekesho cha siku moja ili apate mioyo. Kwake ilikuwa posti, keshaisahau. Kwa mwenzake ilikuwa sinia mbili.

Wale wa "unatuaibisha mkoa" nao wajitafakari. Katavi ni mkoa tangu mwaka 2012 tu, ulipomegwa kutoka Rukwa, na mpaka leo ukiutaja kwa watu wengi wa Dar wanajua viboko wa hifadhini, basi. Unahitaji watu wa kuutaja kwa mambo mengine. Una asali ya Inyonga, una mchele wa Mpimbwe, una samaki wa Ziwa Tanganyika, una nyama na maziwa ya kumwaga. Mtu anapochukua nyama na maziwa hayo akatengeneza chakula cha kuuza kwenye sherehe, huyo ndiye anautangaza mkoa. Aibu ni mkoa wenye maziwa yote hayo kusubiri jibini la pakiti kutoka Dar.

Kuna wasichana wangapi Makanyagio, Kawajense na Nsemulwa walioiona ile klipu wakasema "kumbe inawezekana bila oveni"? Na ni wangapi baadaye wakasoma komenti wakasema "bora nisijaribu"? Hao hawahesabiki kwenye mioyo wala vikatuni vya kucheka. Wamenyamaza tu. Mmoja wao huenda angekuwa na mgahawa baada ya miaka mitano.

Kwa hiyo ushauri ni mfupi. Wewe uliyecheka, nunua nusu kilo ya nyama, washa jiko, fuata maelekezo hapo juu, halafu ulete picha. Ikikuwia rahisi, endelea kucheka. Wewe uliyefuta oda ya kicheni pati, namba ya mdada bado unayo. Na wewe dada wa Mpanda, kama yanakufikia haya, irudishe ile klipu. Ila safari hii iache ipoe kwanza ndipo ukate.

Wadau, mnasemaje? Lasanya ya makaa ni lasanya au siyo lasanya? Na je, kuna chakula umewahi kupika watu wakakucheka, leo ndio kinachokulipia kodi? Dondosha yako hapo chini, matusi hapana.